Sayari ya Msitu Mtakatifu: Je, Mwiko ni Adui wa Sayansi?

Miongoni mwa hadithi za kubuni zinazopendwa na vijana wa sekondari, iko aina moja ambayo mwalimu wa sayansi hana budi kuiangalia kwa makini. Ni hadithi ya ulimwengu wa mbali uliofunikwa na msitu, ambao wakazi wake, viumbe wasio binadamu, wanauheshimu msitu huo kama kitu kitakatifu. Kisha watu wa dunia yetu hufika huko na mitambo yao, wakitaka mbao au madini. Mapambano huzuka, na msomaji huchagua upande.

Aghalabu mwanafunzi hubaki na fundisho moja: kwamba wenyeji wana imani na wageni wana sayansi, na kwamba mambo hayo mawili hayapatani. Akiwa na moyo mwepesi huwahurumia wenyeji. Akiwa na kiburi cha elimu huwacheka. Nakusudia kuonyesha kwamba fundisho hilo ni potofu, na kwamba mwalimu anayeliacha lipite anawanyima wanafunzi wake jambo kubwa. Rai yangu ni kwamba mwiko si adui wa sayansi. Sayansi iliyokomaa hujiwekea miiko yake yenyewe.

Tuanze na hadithi zenyewe. Mwaka 1972 mwandishi wa Marekani, Ursula K. Le Guin, alitoa hadithi iitwayo The Word for World Is Forest, yaani "Neno la Ulimwengu ni Msitu", ambayo ilichapwa kama kitabu peke yake mwaka 1976. Sayari anayoisimulia inaitwa Athshe, na katika lugha ya wenyeji jina hilo lina maana ya msitu na vilevile maana ya ulimwengu. Waingereza hutumia neno moja kwa udongo na kwa dunia. Watu wa Athshe hutumia neno moja kwa msitu na kwa vyote vilivyopo. Kwao, kuufyeka msitu ni kuufuta ulimwengu.

Watu wa dunia wanaofika Athshe wametoka katika nchi zilizokwisha miti. Mbao zimekuwa na thamani kuliko dhahabu, hata inalipa kuzisafirisha umbali ambao mwanga wenyewe huutumia miaka 27. Kisiwa kimoja kimekwisha fyekwa chote, na mvua imekwisha kuuchukua udongo wake. Yuko msomi mmoja, Raj Lyubov, mtaalamu wa mila za binadamu, ambaye anawaelewa wenyeji na kuwatetea, lakini wakubwa hawamsikilizi mpaka maji yamezidi unga. Wenyeji, ambao hawakuwa na desturi ya kuuana, wanajifunza kuua. Mwishowe wageni wanaondoka, lakini maarifa ya kuua yanabaki.

Yafaa ikumbukwe kwamba hadithi hii haikuzuka hivi hivi. Iliandikwa wakati wa vita vya Vietnam. Kati ya mwaka 1962 na mwaka 1971 majeshi ya Marekani yalinyunyiza zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea juu ya misitu na mashamba ya nchi ile. Baadhi ya dawa hizo ziliiga homoni inayoongoza ukuaji wa mmea. Kwa hiyo zilikuwa tunda la elimu ya mimea, elimu ile ile tunayoisifu madarasani. Mtaalamu mmoja wa mimea, Arthur Galston, alikuwa amechunguza katika masomo yake ya udaktari kemikali inayoharakisha maua ya soya. Aliona kwamba kemikali hiyo ikizidi kipimo hupukutisha majani, na baadaye akatambua kwamba watafiti wa kijeshi walikuwa wameiendeleza njia hiyo. Alipiga vita matumizi ya dawa hizo, na mwaka 1970 alipendekeza uharibifu mkubwa wa mazingira utambuliwe kuwa kosa la jinai la kimataifa. Basi hapa msomaji aone jambo moja waziwazi: maarifa peke yake hayamwambii mtu akome wapi. Aliyejua sana jinsi jani linavyoshikamana na tawi ndiye aliyewezesha majani ya msitu mzima kuanguka.

Hadithi ya pili inajulikana zaidi na vijana wetu. Ni filamu ya Avatar iliyotolewa na James Cameron mwaka 2009. Ulimwengu wake, Pandora, kwa hakika si sayari bali ni mwezi unaozunguka sayari kubwa ya gesi katika mfumo wa Alpha Centauri. Wakazi wake, Wanavi, wanamwabudu Eywa, na wanaiheshimu miti yao kwa ajili yake. Kampuni kutoka duniani inataka madini yaliyo chini ya mti mkubwa wanamoishi. Humo pia yumo msomi, mtaalamu wa mimea aitwaye Grace Augustine. Anapomsihi msimamizi wa kampuni asiuangushe mti, anamweleza kwamba mizizi ya miti inawasiliana kwa umeme na kemikali. Kwamba kila mti una viunganisho 10,000 na miti inayouzunguka, na miti yote ni trilioni 1. Kwa hiyo msitu ule una viunganisho vingi kuliko ubongo wa mtu. Msimamizi anamcheka.

Watazamaji wengi humwona Grace kuwa ndiye mshindi wa hoja. Mimi naona kwamba hoja yake ina udhaifu mkubwa, na udhaifu huo ndio unaotuhusu sisi walimu. Grace anautetea msitu kwa kusema kwamba wenyeji, kumbe, hawakukosea: kile wanachokiita kitakatifu kinaweza kupimwa maabara. Je, kama kisingepimika? Kama miti ya Pandora ingekuwa miti tu, isiyo na mawasiliano yoyote, ingekuwa halali kuikata na kuwaua watu waishio ndani yake? Anayeiegemeza heshima juu ya ugunduzi mmoja anaiweka heshima hiyo katika hatari ya kuanguka pamoja na ugunduzi huo.

Wala hili si jambo la filamu tu. Mwaka 1997 Suzanne Simard na wenzake, waliofanya utafiti katika misitu ya Kanada, walitangaza katika jarida la Nature kwamba kaboni ilihama kati ya miti ya aina mbili tofauti, nao wakaihusisha safari hiyo na nyuzi za kuvu zinazoungana na mizizi. Ugunduzi huo ulisifiwa sana. Lakini baadaye vitabu na magazeti vilikwenda mbali zaidi: miti ikasemekana inaonyana, inatunza watoto wake, na inasaidiana kama jamaa. Mwaka 2023 wataalamu watatu wa Kanada na Marekani walipitia ushahidi uliokuwapo, wakaeleza kwamba mengi ya madai hayo hayajathibitishwa vya kutosha misituni. Mjadala ungalipo. Sasa tumfikirie mwanafunzi aliyefundishwa kuupenda msitu kwa sababu miti huongea. Siku atakaposoma kwamba jambo hilo lina shaka, atakuwa na sababu gani ya kuutunza?

Sababu iliyo imara zaidi ni ile iliyo nyuma ya mwiko wowote wenye hekima: kwamba kitu kikubwa, kilichochukua muda mrefu kuumbika, ambacho hatukijui vizuri na hatuwezi kukirudisha kikisha haribika, tusikiguse mpaka tuwe na sababu nzito kuliko hasara hiyo. Katika sababu hii hakuna uchawi wala ushirikina. Ni mantiki ya mtu anayejua kwamba hajui.

Wanasayansi wenyewe wamekwisha kuifuata mantiki hiyo, na wameifuata mbali sana na misitu. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unayataka mataifa yachunguze mwezi na sayari bila ya kuzichafua kwa namna yenye madhara. Kutokana na msimamo huo, vyombo vinavyopelekwa kutua Mirihi husafishwa kwa uangalifu mkubwa ili visichukue bakteria wa huku kwenda huko. Tarehe 21 Septemba 2003 chombo kiitwacho Galileo kiliongozwa kwa makusudi kikaangamie katika anga ya Mshtarii. Tarehe 15 Septemba 2017 chombo cha Cassini kiliangamizwa vivyo hivyo katika anga ya Zohali. Mafuta yalikuwa yakiisha, na wataalamu hawakutaka vyombo hivyo vizurure ovyo na siku moja vigonge miezi kama Europa au Enceladus, ambayo ina dalili za bahari chini ya barafu yake.

Hakuna mtu aliyewahi kuona kiumbe hai hata mmoja katika Enceladus. Hata hivyo, chombo kilichofanya kazi kwa miaka 13 katika eneo la Zohali kilitolewa kafara ili mwezi huo ubaki kama ulivyo. Huo ni mwiko. Haukuwekwa na wazee wa kijiji, bali na wahandisi na wataalamu wa nyota, nao hawakusubiri kwanza kuthibitisha kwamba pale pana uhai. Uwezekano wake uliwatosha. Mimi nilisomea udaktari ng'ambo, katika maabara ambamo neno "takatifu" halikutamkwa. Lakini humo humo tulikuwa na vyumba ambavyo mtu haingii na viatu vyake, na vyombo visivyoguswa kwa mkono mtupu.

Wala hatulazimiki kwenda hadi Zohali ili kupata mfano. Katika pwani ya Kenya, kwa urefu wa kiasi cha kilomita 200, ziko Kaya za Wamijikenda: misitu iliyozunguka vijiji vya kale vyenye maboma, ambavyo wenyewe walikwisha hama, lakini ikaendelea kuheshimiwa kama makao ya mizimu ya wahenga. Ukataji miti umekatazwa humo, na matumizi ya mali ya msitu yana masharti yanayosimamiwa na wazee. Matokeo yake ni kwamba, wakati misitu mingi ya pwani ilipogeuzwa mashamba, vipande hivi vilibaki, vikiwa na mimea adimu. Wataalamu wa mimea walipoingia na kuiorodhesha, sayansi ilikuta hazina ambayo mwiko ulikuwa umeitunza. Heshima ya kale ilipoanza kupungua na haja ya ardhi kuongezeka, ilibidi serikali iingilie kati, na tangu mwaka 1992 Kaya zimekuwa zikitangazwa kuwa kumbukumbu za taifa. Mwaka 2008 Kaya kadhaa ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sheria ilikuja kufanya kwa maandishi kazi iliyokuwa ikifanywa na mwiko.

Bila shaka yuko msomaji atakayesema kwamba naifungulia mlango imani yoyote ile. Atanikumbusha kwamba iko miiko inayowanyima chakula kizuri kina mama wajawazito, na miiko inayolinda vyeo vya watu wachache. Hoja hiyo ni ya haki, nami naikubali. Sidai kwamba kila mwiko una hekima. Ninachodai ni kwamba mwiko ni jambo la kuchunguzwa, si la kuchekwa. Mwanasayansi hauliza tu, "Je, mizimu ipo?" Huuliza pia: mwiko huu unazuia kitendo gani? Unalinda nini, na kwa faida ya nani? Ukivunjwa, hasara itarekebishika au la? Miiko mingine itashindwa mtihani huo na kuachwa kwa haki. Mingine itaufaulu kuliko sheria zetu nyingi.

Nawapendekezea walimu mambo matatu ya kufanya darasani. Kwanza, wanafunzi waikague hesabu ya Grace: wazidishe 10,000 kwa trilioni 1, kisha walinganishe na ubongo wa mtu wenye neva zipatazo bilioni 86, kila moja ikiwa na maelfu ya viunganisho. Wataona kwamba hesabu ni sahihi, na wajadili kama wingi wa viunganisho unatosha kuleta fikra. Pili, wapige hesabu ya safari: Alpha Centauri iko umbali ambao mwanga huutumia zaidi ya miaka 4, na chombo kama Voyager 1, kiendacho kiasi cha kilomita 17 kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuumaliza. Ingawa sayari zaidi ya 5,000 zimekwisha gunduliwa nje ya mfumo wa jua letu, hakuna hata moja ambayo imethibitika kuwa na mti. Tatu, kila mwanafunzi aulize kwao ni mahali gani pasipokatwa miti, kisha alete darasani maelezo ya mimea, maji na udongo wa mahali hapo, akilinganisha na pale ng'ambo ya mpaka palipofyekwa.

Zoezi hili la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kijana atakayelifanya hatahitaji kuchagua kati ya babu yake na kitabu chake cha biolojia. Atajua kwamba wote wawili walikuwa wakilijibu swali moja, yaani binadamu akome wapi, na kwamba jibu la swali hilo halitapatikana kwa kuendelea kukata miti mpaka tuone kitakachotokea. Watu wa Athshe walikuwa na mahali pa kuwafukuzia wageni. Sisi tunaoishi katika sayari hii hatuna wageni wa kuwafukuza, wala hatuna sayari nyingine ya kuagizia mbao.