Usiutupe mti huo, huenda ungali hai

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa msichana mmoja anayesomea chuo kikuu hapa jijini Nairobi. Ilikuwa barua fupi, lakini ilinikaa moyoni. Anasema kwamba baba yake alipostaafu, wafanyakazi wenzake walimpa zawadi ya mti mdogo uliopandwa katika chombo kifupi mithili ya sinia. Shina la mti huo ni nene, na mizizi yake imefura kama mihogo iliyochomoza juu ya udongo. Mzee aliupenda sana. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, alitoka kwenye roshani kuutazama.

Mwaka jana mzee aliaga dunia. Tangu siku hiyo mti umehamishwa mara 3. Ulitolewa kwenye roshani ukaingizwa sebuleni, ukawekwa kando ya televisheni, na sasa uko juu ya kabati kwenye ujia wa kuelekea vyumba vya kulala. Majani yamepukutika yote. Mama amechoka kuyafagia, na amesema kwamba mwisho wa mwezi kijiti hicho kitapelekwa jaani. "Je, umekufa?" binti huyo ananiuliza. "Kama umekufa niambie, nisiendelee kujidanganya."

Nimeonelea nimjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Miti hii midogo inayoitwa bonsai inauzwa siku hizi katika vitalu vingi vya kando ya barabara, na wengi wenu mmeipewa kama zawadi ya harusi, ya kuhitimu masomo au ya kuhamia nyumba mpya. Miezi michache baadaye mwenye mti hubaki na kijiti na aibu.

Binti yangu, kabla hujautupa, fanya jaribio hili. Shika kitawi kimoja chembamba na ukikwaruze gome kwa ukucha, kidogo tu. Ukiona rangi ya kijani kibichi chini ya gome, kitawi hicho ki hai. Ukiona rangi ya kahawia na ukavu, kimekufa. Usikate tamaa hapo. Teremka hadi tawi kubwa ukwaruze tena, kisha shina, na mwisho kabisa karibu na mizizi. Mara nyingi ncha huwa zimekauka ilhali shina limejaa maji. Maadamu kuna kijani mahali fulani, una mti.

Kwa jinsi ulivyoueleza, mti wako ni wa jamii ya Ficus, na ni aina ya kutoka bara la Asia ambayo wataalamu huiita Ficus microcarpa. Jamii hii ina zaidi ya aina 800 duniani. Humo mna mtini unaotajwa katika vitabu vitakatifu, mna mkuyu unaoota kando ya mito yetu, na mna mugumo ambao wazee wa Agikuyu walitolea sadaka chini yake na kukataza usikatwe. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, alisimulia jinsi mama yake alivyomwonya akiwa mtoto asiokote kuni za mti wa aina hiyo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Na bila shaka mnakumbuka Novemba 2020, wakati barabara kuu ya juu ilipokuwa ikijengwa hapa Nairobi, agizo la Rais lilipotolewa kuunusuru mti mkubwa wa mtini uliosimama kando ya Waiyaki Way. Huo mti wako wa kwenye kabati ni binamu ya jitu hilo.

Nasema haya ili ujue kwamba una kitu kigumu mikononi. Miti mingi ya jamii hii huanza maisha yake pasipo na udongo wa kutosha. Ndege hula tunda, hudondosha mbegu kwenye panda ya mti mwingine au kwenye ufa wa ukuta, nayo mbegu huota hapo hapo na kuteremsha mizizi polepole. Ndiyo maana inaweza kuvumilia chombo kifupi. Huko Buganda, mti wa mutuba, ambao ni wa jamii hii hii, huchunwa gome lake kutengenezwa nguo, kisha hufungwa majani ya mgomba na kuota gome jipya. Mti unaovuliwa nguo na kuishi hautakufa kwa kupukutika majani tu.

Kwa nini basi umepukutika? Ficus haupendi kuhamishwa. Majani yake huota yakiwa yamezoea mwangaza wa mahali ulipo. Ukiutoa penye mwangaza mwingi na kuuweka gizani, majani yale hayana faida tena, nao huyaangusha. Wako umehamishwa mara 3, na kila mara penye giza zaidi. Sababu ya pili ni maji. Iwapo majani yaligeuka manjano huku udongo ukiwa umelowa, mizizi ilikuwa ikioza. Iwapo yalikauka na udongo ukajitenga na kingo za chombo, ulikuwa na kiu. Sababu ya tatu ni upepo wa baridi.

Sasa tuanze matibabu. Kwanza, mtafutie mgonjwa kitanda chake na umwache hapo. Mti huu si wa ndani kwa asili yake. Ni mti wa jua ambao huvumilia nyumba. Hapa Nairobi unaweza kukaa kwenye roshani karibu mwaka mzima, mradi usikae kwenye jua kali la saa saba mara tu unapotoka ndani. Uzoeze pole pole, saa chache za asubuhi kwanza. Kati ya Juni na Agosti, usiku unapokuwa na baridi kali, uingize ndani. Mombasa na Kisumu hawana taabu hiyo.

Kama huna roshani, uweke dirishani kabisa, wala si hatua 3 kutoka dirishani. Macho yetu hutudanganya. Chumba kinachoonekana kina mwangaza wa kutosha kusomea gazeti huenda kikawa giza tupu kwa mti. Dirisha la mashariki linafaa zaidi kwa sababu ya jua laini la asubuhi. Vitabu vingi vya kigeni vinashauri dirisha la kusini. Hivyo viliandikiwa watu wa kaskazini mwa dunia. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua hupita upande wetu wa kaskazini kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, kisha hupita kusini miezi inayobaki. Tumia macho yako mwenyewe, si kitabu cha wenyewe.

Pili, maji. Hapa naomba nikiri kosa langu. Bonsai yangu ya kwanza niliiua kwa mapenzi. Niliimwagia maji kila asubuhi bila kukosa, nikijiona mlezi hodari, hata siku moja nilipoishika shina likang'oka lote mkononi. Mizizi ilikuwa imeoza na kunuka. Tangu hapo sifuati kalenda, nafuata kidole. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kumeanza kukauka, mwagilia. Na ukimwagilia usinyunyize juu juu. Mwaga hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini. Udongo ukiwa umekauka sana na kukataa maji, tumbukiza chombo kwenye karai la maji kwa dakika 10 hivi, mpaka mapovu yaishe, kisha kitoe kichuruzike. Kamwe usiache chombo kisimame kwenye kisahani chenye maji. Na kumbuka mti usio na majani hunywa kidogo sana kuliko ule wenye majani, kwa hivyo wako utahitaji maji mara chache kwa sasa.

Tatu, usiupe mbolea. Najua utashawishika. Lakini mgonjwa ambaye hawezi kumeza uji halishwi nyama choma. Subiri hadi uone majani mapya yaliyokomaa. Baada ya hapo mpe mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara 1 kila majuma 2, na upunguze wakati wa baridi.

Nne, chunguza wadudu. Tazama chini ya matawi na kwenye panda. Ukiona vijidoa vya kahawia vilivyogandama kama magamba, au vijiunga vyeupe kama pamba, hao ni wadudu wanaofyonza utomvu. Waondoe kwa mswaki mkuukuu uliochovywa katika maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza. Rudia kila juma hadi waishe.

Halafu ngoja. Hili ndilo gumu kuliko yote. Huenda ukangoja majuma 3, huenda ukangoja 6 au zaidi. Siku moja utaona kichipukizi kama ncha ya penseli. Usikimbilie makasi wala kuuhamisha ili wageni waone.

Ukishapona, sasa unaweza kuulea kama bonsai hasa. Acha kila kitawi kifikishe majani 6 hadi 8, kisha ukikate kibaki na majani 2. Hivyo ndivyo mti unavyobaki mdogo na kuwa na matawi mengi. Utaona utomvu mweupe kama maziwa ukitoka. Upanguse kwa kitambaa chenye maji na unawe mikono, kwa kuwa huwasha ngozi za baadhi ya watu. Watoto wadogo na paka wasiutafune. Ukitaka kupinda tawi, zungushia waya laini wa alumini likiwa bado changa, maana samaki mkunje angali mbichi. Ukague waya kila juma, na mara unapoanza kuzama katika gome ukate vipande vipande na kuutoa.

Baada ya kila miaka 2 hivi, mizizi ikijaa chombo, utoe wakati wa joto, Machi au Oktoba, ukate mizizi isiyozidi thuluthi moja, na uupande katika udongo mpya. Usitumie ule udongo mweusi unaonata. Mimi huchanganya kokoto ndogo sehemu 2, mboji sehemu 1 na udongo mwekundu sehemu 1. Ukipata yale mawe mepesi ya volkeno yenye vitundu kutoka upande wa Naivasha, bora zaidi kuliko kokoto.

Na wewe mwanafunzi ambaye huna pesa za kununua bonsai, usisononeke. Tembea mjini ukitazama juu. Katika nyufa za kuta na kwenye mifereji ya paa za majengo ya zamani utaona miche ya mugumo iliyopandwa na ndege, ambayo itang'olewa siku ya ukarabati. Omba ruhusa kwa mwenye jengo, ung'oe mmoja pamoja na mizizi yake, uupande. Wapenzi wa bonsai wa Afrika Kusini wameilea miti ya aina hii kwa miaka mingi na kupata sifa. Lakini kama nyanya yako ni wa wale wanaouheshimu mugumo, mwulize kwanza. Mti usilete ugomvi nyumbani.

Binti yangu, nimalizie kwa kisa kimoja. Jijini Washington, Marekani, kuna bonsai ya msonobari ambayo ililelewa katika familia ya Yamaki ya mji wa Hiroshima, Japani. Ilianza kulelewa mwaka wa 1625. Bomu la atomiki lilipoangushwa Agosti 1945, mti huo ulikuwa umbali wa kilomita 3 hivi, nyuma ya ukuta wa kitalu, ukapona. Mwaka wa 1976 Bwana Masaru Yamaki aliutoa kama zawadi kwa Wamarekani. Fikiria ni baba wangapi walikufa wakaacha mtoto akishika kopo la maji. Katika kazi hii hakuna aliyeumaliza mti wake. Kila mmoja huupokea na kuukabidhi.

Na mama yako usimlaumu. Kufagia kila siku majani ya mti wa mumewe si kazi nyepesi, na huenda anachotaka kitoke nyumbani si mti. Mwombe miezi 3. Mwonyeshe ile rangi ya kijani chini ya gome, aikwaruze mwenyewe kwa ukucha wake. Kisha urudisheni kwenye roshani, mahali pale pale mzee alipouweka.

Ikiwa utakwaruza hadi mizizini na usione kijani hata kidogo, basi umekufa, nami sitakudanganya. Osha chombo hicho vizuri, ukihifadhi, na utafute mche mwingine wa kupanda humo. Chombo nacho ni cha baba.

Niandikie unieleze ulichoona. Nanyi wasomaji wengine mlio na vijiti kwenye kabati, kwaruzeni leo kabla ya chakula cha mchana. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.