Kasongo na Kabambare: tangazo la wasichana wa chuo linafika kwa nani?

Mwezi wa tatu ukifika, Kasongo inabadilika rangi. Wamama wananunua kitenge cha Machi 8, mafundi wa cherehani wanakesha, na kwenye vyuo vya juu mikutano ya wanawake inafuatana: leo kongamano, kesho mafunzo, kesho kutwa maandamano mbele ya wakubwa. Halafu mwezi wa nne unaingia. Vitenge vinakunjwa, na msichana wa mwaka wa kwanza anabaki na maswali yake: minervali itatoka wapi? Nani atamsaidia kuandika barua ya kuomba ufadhili? Na kama mwalimu anamsumbua, aende kwa nani?

Makala hii haipingi Machi 8. Siku ile iko na maana yake. Lakini tunataka kuuliza jambo moja ambalo sisi watu wa redio tunaliona kila mwaka: mikutano na nafasi zinazotangazwa kwa ajili ya wasichana wa vyuo vya kusini mwa Maniema, habari yake inafika kwa nani kweli?

Tuanze na sisi wenyewe. Mwaka mmoja tulipokea karatasi ya mafunzo ya wasichana wanafunzi. Ilikuwa ya Kifaransa, ukurasa mmoja na nusu, mihuri miwili. Ilitufikia siku ya Jumatano. Siku ya mwisho ya kuandikisha majina ilikuwa Jumatatu iliyopita. Tulipomwambia yule aliyeileta kwamba muda umekwisha, alijibu bila haya: someni tu, ili iandikwe kwenye ripoti kwamba redio ilitangaza. Siku ile tulielewa kwamba tangazo linaweza kutolewa bila mtu yeyote kuitwa.

Sheria ziko, habari ndiyo inakosa

Mtu asiseme kwamba Kongo haina sheria. Katiba ya Februari 18, 2006, kwenye kifungu cha 14, inaiomba Serikali iondoe ubaguzi wowote juu ya mwanamke na kutafuta usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi. Sheria namba 15/013 ya Agosti 1, 2015 ilikuja kueleza namna ya kutekeleza usawa huo. Mwaka 2016, sheria ya jamaa ilirekebishwa. Zamani mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana wake kabla ya kutia sahihi kwenye mambo ya sheria. Ruhusa hiyo iliondolewa, na sasa mume na mke wanapaswa kupatana kwa mambo yanayowafunga wote wawili. Umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 18, kwa kijana mwanaume na kwa msichana.

Na mifano iko. Mwaka 1964, Sophie Kanza alikuwa mwanamke Mkongomani wa kwanza kumaliza chuo kikuu, pale Lovanium, chuo ambacho leo tunakiita Chuo Kikuu cha Kinshasa. Miaka 2 baadaye akawa waziri, mwanamke wa kwanza kuingia serikalini katika nchi yetu. Aprili 1, 2024, Judith Suminwa Tuluka akateuliwa kuwa waziri mkuu, naye mwanamke wa kwanza kwenye kiti hicho. Kati ya shahada ile ya 1964 na uteuzi huu wa 2024 kuna miaka 60.

Majina hayo tunayasikia kwenye kila hotuba ya mwezi wa tatu. Ni vizuri. Lakini msichana wa Wamaza au wa Lusangi hawezi kula hotuba. Anahitaji kujua nafasi gani iko wazi, inafungwa tarehe gani, na makaratasi gani yanaombwa.

Tangazo linasimama njiani

Tuchukue mfano wa msichana aliyetoka Kabambare kuja kusoma Kasongo, kwenye Chuo Kikuu cha Kasongo (UNIKAS) au kwenye chuo kingine cha juu hapa. Mara nyingi anakaa kwa jamaa, kwa shangazi au kwa baba mdogo. Asubuhi anaenda masomoni. Saa nane mchana anarudi, kwa sababu maji yanamngoja, sombe inamngoja, na watoto wa nyumba wanamngoja. Mwenzake mvulana anaweza kubaki chuoni mpaka jioni, akaongea na maasistenti, akapita mbele ya valve na kusoma matangazo yote. Karatasi ikibandikwa kwenye valve saa tisa, mvulana ataiona leo. Msichana ataiona kesho, kama mvua haijainyeshea au mtu hajabandika nyingine juu yake.

Watu watasema: siku hizi kuna WhatsApp. Ni kweli, kila promosheni iko na kundi lake. Lakini tuhesabu. Ni wasichana wangapi wako na simu kubwa? Wangapi wako na franga za kununua mega kila wiki? Wengi wanabeba simu ndogo ya kupigia tu. Tunasema mwenye kisu ndiye anakula nyama. Kwa mambo ya nafasi za masomo, kisu siku hizi ni simu yenye mega.

Halafu kuna muda wa likizo. Msichana akirudi Kabambare, tangazo halimfuati. Barabara ni ya udongo, na mvua ikianza, safari ya pikipiki inakuwa ndefu na bei inapanda. Reseau inashika kwenye vilima fulani tu. Kule Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, wananchi wameona miaka ya vita kati ya jeshi na Mai-Mai. Familia nyingine zilikimbia, nyingine zilirudi. Mzazi wa kule akiambiwa mtoto wake anaitwa Kasongo au Kindu kwa mafunzo ya siku tatu, swali lake la kwanza linahusu njia: iko salama?

Mwisho kuna lugha. Tangazo linaandikwa Kifaransa cha ofisi. Mwanafunzi analielewa. Lakini mama yake anayeuza mawese sokoni, ambaye ndiye atakubali au atakataa mtoto asafiri, haelewi kitu. Kwa hiyo msichana anabaki peke yake kumshawishi mzazi, na mzazi anasikia neno moja tu: anataka kutembea.

Mkutano si nafasi

Hapa kuna kosa lingine tunalofanya sote, vyuo, mashirika, hata redio. Tunachanganya mkutano na nafasi. Mkutano ni watu kukaa, kusikiliza, kupiga picha na kunywa soda. Nafasi ni kitu ambacho msichana anaweza kuingia nacho mwakani: ufadhili, stajini, kazi ya asistenti, kiti kwenye uongozi wa wanafunzi, mkopo mdogo wa biashara. Mkutano mzuri unamfikisha mtu kwenye nafasi. Mkutano ambao mtu anatoka bila kujua hatua inayofuata umeisha siku ileile.

Kuna nafasi ambazo ziko kweli. Programu ya Excellentia, ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, inafadhili masomo ya chuo kwa vijana waliopata alama za juu sana kwenye mtihani wa Serikali. Msichana wa Kabambare anayemaliza sekondari akijua habari hii tangu darasa la tano, atasoma kwa namna nyingine. Akiijua baada ya matokeo kutoka, atabaki kushika kichwa.

Hata siasa imeweka mlango. Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa Juni 2022 inasema chama kinachoweka angalau wanawake nusu kwa nusu kwenye orodha yake hakilipi dhamana ya kuandikisha orodha hiyo. Vyama vinatafuta majina ya wanawake, basi. Swali ni nani atakuwa tayari: aliyejifunza kusema mbele ya watu akiwa mwakilishi wa promosheni, au aliyeandikwa jana usiku ili orodha ijae?

Jirani zetu wanaweza kutufundisha kitu. Mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Makerere kule Uganda kilianza kumwongezea kila msichana aliyeomba kuingia alama 1.5. Ilikuwa kanuni ya chuo, ilifanya kazi kila mwaka, bila kungoja siku ya sherehe. Wasichana walikuwa kama robo ya wanafunzi. Miaka kumi na kitu baadaye walikaribia nusu. Lakini jambo moja lilionekana: waliofaidika zaidi ni wasichana wa shule nzuri za mijini. Wale wa vijijini walibaki nyuma, kwa sababu ya shule zao na kwa sababu ya umbali. Maana yake, hata kanuni nzuri, kama haikutafuta njia ya kufika kijijini, inawasaidia wale waliokuwa karibu na mlango.

Jambo ambalo halibandikwi kwenye valve

Kuna habari nyingine ambayo wasichana wanaihitaji kuliko zote, na karibu haitangazwi. Katika vyuo vya Kongo nzima watu wanacheka kwa kusema kuna alama za mtihani zinazoambukizwa kama magonjwa ya zinaa. Kila mwanafunzi anaujua mzaha huo. Hatusemi juu ya chuo fulani wala mwalimu fulani. Walimu wengi wanafanya kazi yao kwa heshima, na mishahara yao tunaijua. Lakini mzaha ambao nchi nzima inauelewa unaonyesha kwamba kitu hicho kiko.

Sheria ya Julai 20, 2006 juu ya ukatili wa kingono ilikitaja kosa hili: mtu anayetumia mamlaka ya kazi yake kumsukuma mwingine ili apate mapenzi anaweza kufungwa kuanzia mwaka 1 hadi 12, au kulipa faini, au vyote viwili. Na sheria hiyo inaweka mashtaka mikononi mwa mwathiriwa: yeye ndiye anapaswa kulalamika. Mwaka 2023 sheria ya adhabu iliongezewa tena vipengele juu ya ukatili wa kijinsia.

Sasa, msichana asiyejua kwamba hilo ni kosa la jela atalalamika namna gani? Na akilalamika, kwa nani? Kama mlango wa malalamiko uko ndani ya ofisi ya rafiki wa yule anayemsumbua, hatapita. Chuo kinachotangaza kongamano la kuwainua wanawake kingeanza kwa kubandika karatasi moja: jina la mtu wa kupokea malalamiko, siku na saa anazopatikana, na ahadi kwamba siri italindwa. Karatasi hiyo haiombi bajeti.

«Na wavulana je?»

Kila tukiongea mambo haya hewani, simu za wababa zinaingia. Wengine wanasema: vijana wetu wanaume nao wanateseka, mbona wote ni wasichana tu? Wengine wanasema: mutoto mwanamuke akisoma sana, atakosa bwana. Tusiwacheke.

Kwa swali la kwanza: ni kweli, kijana wa kiume naye anakosa minervali, naye anaingia machimboni. Lakini tangazo likiwekwa vizuri, kwa lugha inayoeleweka na mapema, yeye pia atalisikia, na dada yake atalisikia. Hakuna anayenyang'anywa. Kwa swali la pili, tuangalie nyumba zetu za Kasongo. Bwana akifa, au akienda Namoya asirudi, nani analisha watoto? Ni mama. Kumpa mama huyo masomo kabla ya shida ni kulinda nyumba nzima.

Tangazo kamili likoje?

Sisi tunapendekeza jambo dogo. Chuo, shirika au ofisi yoyote inayotaka kuita wasichana ijibu maswali haya kwenye tangazo lenyewe: Ni nani anaitwa? Ni fasi gani, saa ngapi, na litakwisha saa ngapi ili msichana arudi kabla ya giza? Kuingia ni bure au kunalipwa? Tiketi ya anayetoka mbali inalipwa na nani? Mwenye mtoto mchanga anaweza kuja naye? Makaratasi gani yanaombwa? Baada ya mkutano, kitu gani kinafuata?

Halafu litoke angalau wiki tatu kabla. Liandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Lipelekwe redioni, lakini pia kanisani siku ya Mungu, msikitini siku ya Ijumaa, sokoni kwa wamama, na shuleni kwa wasichana wa darasa la tano na la sita. Kwa Kabambare, liende na pikipiki zinazopeleka bidhaa. Barua zinafika hivyo tangu zamani. Na baada ya mkutano, waandaaji watuambie wasichana wangapi waliomba nafasi na wangapi waliipata. Hesabu ya waliokaa kwenye viti haitoshi.

Redio nayo iko na deni. Karatasi ile ya Jumatano tuliisoma hewani, tukijua muda umekwisha. Hatukupaswa. Msichana aliyeisikia akatoka mbio kwenda kuandikisha jina alirudi akiamini kwamba amechelewa kwa kosa lake. Kuanzia sasa, tangazo la nafasi likitufikia baada ya tarehe ya mwisho, hatutalisoma. Tutamuuliza aliyelileta kwa nini limechelewa, na jibu lake ndilo tutalitangaza.