TAHARIRI: Mfuko wa Mbolea Una Ruzuku, Jembe la Matuta Halina



Jumamosi ijayo saa nne asubuhi mkutano mkuu utakaa pale chini ya mwembe wa ghala. Ajenda ya tatu ndiyo itakayotutoa jasho: wenzetu 11 waliotia urea kwenye mahindi masika yaliyopita wafukuzwe chama, au wasifukuzwe? Maneno ya vijiweni tumeyasikia. Wengine wameitwa wasaliti mbele ya watoto wao. Sisi tunaoandika ubao huu tuna msimamo, na tunauweka hapa mapema. Asiyeukubali aje aseme mkutanoni, asichane karatasi kama ilivyofanyika mwezi jana.

Kwanza, kosa ni kosa. Tulikubaliana wenyewe, kwa kunyoosha mikono, kwamba mashamba yaliyo kwenye daftari la kilimo hai hayatiwi mbolea ya viwandani wala dawa. Alama ya Kilimohai tunayobandika kwenye magunia ya mdalasini na iliki haikushuka mbinguni. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango kimoja mwaka 2007, na sisi tunahakikiwa kwa mfumo shirikishi, yaani tunakaguana shamba kwa shamba. Mmoja wetu akikosea, mnunuzi hamwulizi yeye peke yake, anatuuliza sote. Kwa hiyo anayesema “hayo ni mahindi yangu, nitakula mwenyewe” hajaelewa alichotia saini.

Lakini hebu tuulizane. Mashamba ya hawa 11 yako wapi? Tisa wako kitongoji cha juu, kule kwenye mteremko ambako mvua kubwa moja inatosha kufunua mizizi. Matuta hayapo. Ati ni wavivu? Kati yao kuna mjane mwenye watoto wanne, na kuna wazee wawili wanaolima kwa kuegemea mpini. Mwaka jana sisi kamati tulichimba fanya juu kwenye shamba la mfano, nusu eka tu. Watu wanne, siku 13, na hapo hatujapanda majani ya Guatemala ya kushika kingo. Msimu wa kwanza mahindi yalipungua, maana nafasi imekatwa na udongo wa chini, ule usio na rutuba, umepanda juu. Msimu wa pili, baada ya mboji na matandazo, ndipo tuliona tofauti. Sasa mtu mwenye debe moja la mahindi ndani, huo msimu wa pili anaungojaje?

Upande wa pili kulikuwa na njia fupi. Msimu wa 2022/23 Serikali ilianza ruzuku ya mbolea. Mkulima alijiandikisha, akapewa namba, akaenda kwa wakala akanunua mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 70,000 wakati bei ya sokoni ilikuwa imepita 100,000. Hatuisemi vibaya ruzuku ile. Bei ilikuwa imepanda dunia nzima, na wengi ingewashinda kabisa. Tunachosema ni kwamba ruzuku ya namna hiyo inamfuata mwenye kununua mfuko. Mwenye kubeba samadi kichwani kutoka bondeni hana risiti. Mwenye kuchimba matuta hana wakala. Basi wenzetu waliona mkono wa Serikali umenyooshwa upande mmoja, wakaenda upande huo. Tuwakemee, ndiyo, lakini tusijifanye hatujui kilichowavuta.

Wapo watakaosema: kwani mkulima alipwe kwa kuhifadhi shamba lake mwenyewe? Si tulifundishwa kujitegemea? Swali ni zuri, na wazee wetu wana haki ya kuliuliza, maana matuta katika milima hii ya Uluguru yana historia chungu. Kuanzia 1950 mkoloni alilazimisha matuta ya ngazi huku kwetu. Watu walichimba kwa amri, udongo mbaya ukaja juu, mavuno yakashuka, na malipo hayakuwapo. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa naye. Kosa halikuwa kwenye tuta lenyewe. Kosa lilikuwa kumbebesha mkulima gharama yote, tena kwa fimbo.

Na faida ya tuta haiishii kwenye shamba la mwenye jembe. Maji yanayotoka milimani huku yanaingia mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam. Udongo wetu ukiteremka, wao wanakunywa tope au wanalipia kulichuja. Jambo hili lilikwisha kujaribiwa: CARE na WWF waliendesha mradi huku Uluguru, kata ya Kibungo Juu, wakulima wakalipwa kwa kuchimba matuta, kupanda miti na kuweka mistari ya majani, na DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati ule, lilikuwa miongoni mwa waliokubali kuchangia. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba wazo hili ni la ndotoni.

Wenzetu wa mbali nao wanafanya. Marekani miaka ya 1930 upepo ulibeba udongo wao mpaka mchana ukawa giza, na mwaka 1935 serikali yao ikaunda idara ya kuhifadhi udongo. Tangu 2009 wametenga fungu kwa ajili ya wakulima wa kilimo hai peke yao. Mkulima anakaa na afisa, wanaandika mpango, wanatia saini mkataba, anapanda mimea ya kufunika ardhi au ukanda wa miti kando ya shamba, afisa anakuja kukagua, ndipo analipwa sehemu ya gharama. Sheria yao ya mwaka 2018 iliweka kikomo cha dola 140,000 kwa mkulima mmoja kwa miaka ya 2019 hadi 2023. Hesabu hiyo tusiigeuze kwa shilingi, tutaumwa kichwa bure. Kilichotuvutia ni kifungu kimoja: mkulima anayeanza, au wa kipato kidogo, anaweza kupewa angalau nusu ya fedha kabla ya kazi. Wametambua kwamba mwenye njaa hawezi kukopesha serikali nguvu zake. India nao walianza mpango wao mwaka 2015, na wa kwao unafanana nasi zaidi, kwa sababu wakulima wanajiunga kwa vikundi na wanasaidiwa kwa miaka 3, huku wakikaguana wenyewe kwa wenyewe.

Hapa nyumbani, Novemba 2023 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, wa 2023 hadi 2030. Tumeufurahia. Lakini mkakati ni karatasi mpaka uwe na fungu, na fungu haliji kwa kukaa kibarazani. Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimama 2023 ikarudi 2024. Hiyo tunaonya: mkopo si ruzuku. Kukopa kwa ajili ya kitalu cha miche sawa, kinauza upesi. Kukopa kwa ajili ya matuta ni kujitia kitanzi, maana marejesho yataanza kabla tuta halijatoa kitu.

Na sisi viongozi tusijifiche. Mwaka juzi tulipeleka maombi ya msaada wa zana kwenye ofisi moja, yakarudi. Jibu lilichukua miezi mitano, jambo ambalo si la kujivunia kwa ofisi yoyote. Tukatangaza kwamba tumeonewa. Ukweli ni kwamba muhtasari ulikuwa hauna saini ya mwenyekiti, na daftari la mashamba lilikuwa limejaa “eka moja hivi” na “mpaka kwenye mfenesi”. Nani atoe fedha ya umma kwa mfenesi?

Basi msimamo wetu ni huu. Wale 11 wasifukuzwe. Mashamba yao yatolewe kwenye daftari la Kilimohai na yaanze upya kipindi cha mpito, na mazao yao yasiingie kwenye mzigo wa pamoja ghalani, hata kisado kimoja. Hapo hatubembelezi mtu. Halafu kila Alhamisi, mpaka vuli, tupande kitongoji cha juu na majembe, tuanzie kwa mjane. Na mkutano upitishe ombi kwa halmashauri kupitia mpango wa kijiji: malipo kwa kila mita ya tuta lililokaguliwa na afisa ugani, nusu ya kwanza itangulie, iliyobaki majani yakishashika. Hatuombi zaidi ya alichosaidiwa mwenye mfuko.

Ombi hilo halitasomwa bila vipimo. Kamba ya mita 50 na kile kipimo cha fito cha herufi A viko kwa mtunza ghala. Kila mwanachama apime shamba lake, aandike urefu, upana, na matuta mangapi yapo, alete kwa katibu kabla ya Jumatano jioni. Asiyejua kuandika amwite mtoto wa shule. Na yule aliyechukua sururu ya chama tangu Pasaka, tunamjua, airudishe kabla ya Alhamisi, tunaihitaji.