Mama mdogo alifua khanga usiku

Mama mdogo alikuwa akifua khanga zake usiku wa manane ili tusione damu. Alikuwa amekoma hedhi miaka mingi nyuma. Alipokubali kwenda hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikwisha kusambaa. Tulimzika kabla ya masika.

Kwa hiyo aliposimama baba mmoja kwenye kikao cha wazazi na kusema chanjo ya HPV inafunga kizazi, sikuweza kunyamaza. Haifungi chochote. Inaufundisha mwili kukitambua kirusi cha HPV, kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, kabla hakijaingia. Ndiyo maana wanachanjwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kinga lazima itangulie. Kuwachanja mapema si kuwafundisha uhuni, wazazi wenzangu.

Na ushahidi haukutoka mbali. Mwanza, wasichana 930 walishiriki utafiti wa DoRIS, wakapewa dozi moja, mbili au tatu za chanjo hiyo. Hata dozi moja iliamsha kinga iliyodumu. Nchini Kenya, utafiti wa KEN SHE ulionyesha dozi moja ikizuia zaidi ya asilimia 95 ya maambukizi ya kudumu ya HPV 16 na 18, aina mbili hatari kuliko zote. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024.

Binti yangu alichomwa begani, akabana pamba, akauliza kama anaweza kurudi darasani.

Wapelekeni mabinti. Nawe mama, chanjo hiyo hukuipata utotoni: nenda kapimwe mlango wa kizazi sasa, usingoje damu.