Wembe wa Babu na Ndege Isiyo na Mkia

Leo sikuja na uchambuzi wa diwani. Nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe nimeulea kifuani kwa majuma kadhaa.

Nilialikwa kwenye kikao cha washairi. Kijana mmoja, mtunzi hodari ambaye kazi zake nazisoma kwa furaha, alisimama akasema: "Arudhi ni wembe wa babu. Ulinyoa enzi zake, sasa upelekwe makumbusho. Shairi la leo ni kama ndege ya kisasa isiyo na mkia: limetupa mzigo usio na kazi, linaruka kwa bawa tupu." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hata mimi nilipiga, kwa kuwa kauli ilikuwa tamu. Ila njiani, ndani ya daladala, nikaanza kuipitia kama nilivyopitia insha za wanafunzi kwa miaka zaidi ya thelathini, na kalamu nyekundu ya moyoni haikutulia. Kijana alitaja vitu viwili ili vimtetee, na vyote viwili vinamshitaki.

Nianze na wembe, kwa sababu wembe wa babu ninao. Ulikuwa wa marehemu baba, karani wa bandarini, na wajukuu zangu wanaujua kuwa ni wa babu yao. Kila asubuhi naosha uso kwa maji ya vuguvugu, nakoroga sabuni kwa brashi hadi povu lisimame, kisha nafungua mpini. Una sehemu tatu tu: kofia ya juu, bamba la chini lenye meno, na mpini unaozikaza pamoja. Katikati hulala wembe wa makali mawili, uleule unaouzwa kila duka la mtaani kwa ajili ya kukata kucha, kufumua mishono na kuchonga penseli.

Uchukue wembe huo peke yake kwa vidole. Unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Unapinda kama karatasi, unayumba, na ukiukaribisha shavuni hivyo hivyo utajijeruhi. Sasa uweke kati ya kofia na bamba, ukaze mpini. Wembe unajikunja kwa upinde mdogo, unakakamaa, na makali yanachomoza kidogo tu pembeni, kwa kipimo kile kile kila siku. Kile kilichobana ndicho kilichoupa nguvu. Huo ndio uliokuwa uvumbuzi wa King Camp Gillette, Mmarekani aliyepewa hataza mwaka 1904. Kabla yake nyembe zilikuwa vipande vinene vya chuma vilivyofuliwa, vikihitaji kinoo na ukanda wa ngozi. Yeye aliwaza chuma chembamba kisichojitosheleza, kinachopata ukakamavu wake kutoka kwa kishikio. Mwenzake, mhandisi William Nickerson, ndiye aliyepata njia ya kukifanya chuma chembamba namna ile kiwe kigumu na chenye makali. Mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, waliuza vishikio 51 na nyembe 168. Walimwengu nao walidhani ni mzaha.

Ndugu yangu kijana, umeiona arudhi sasa? Neno la kila siku ni chuma chembamba. Sokoni linapinda, kwenye hotuba linayumba, kwenye matangazo linakuwa butu kabla ya jioni. Libane katika mizani nane za ukwapi na nane za utao, likaze kwa vina vya kati na vya mwisho, ndipo utakapoliona linakakamaa na kukata. Unadai kishikio kinaunyima wembe uhuru. Uhuru wa wembe usioshikiliwa ni kukata vidole vya mwenye nao.

Utanijibu kuwa dunia imesonga mbele. Naam, tuitazame hiyo mbele. Mwaka 1971 ilitoka mashine ya kunyolea yenye nyembe mbili, mwaka 1998 yenye tatu, mwaka 2003 yenye nne, na mwaka 2006 yenye tano. Maelezo ya kazi yake ni kwamba wembe wa kwanza huuvuta unywele nje ya ngozi, na wa nyuma yake huukata kabla haujarudi ndani. Unywele unaachwa chini ya usawa wa ngozi, na uso unakuwa laini kama yai. Lakini ndevu zetu wengi huku zimejikunja kwa asili. Unywele wa kipilipili uliokatwa chini ya ngozi ukianza kuota huchomoza kwa upande, huikosa njia, hugeuka na kuichoma nyama. Hivyo ndivyo vinavyozuka vipele vya kidevuni na shingoni, na ndiyo maana wataalamu wa ngozi huwashauri wengi wenye ndevu za namna hii watumie wembe mmoja, walainishe ndevu kwa maji ya vuguvugu, na wanyoe kufuata ndevu zinakolala. Mwanangu aliwahi kunizawadia mashine ya nyembe tano. Kwa mwezi mzima shingo yangu ilikuwa kama ganda la fenesi. Nikarudi kwa baba, ngozi ikatulia.

Sisemi kwamba cha zamani ni bora kwa kuwa ni cha zamani. Huo ni uvivu ule ule wa kijana, umegeuzwa tu upande. Nasema tarehe si hoja. Chombo huulizwa: unafanya kazi gani, kwa ngozi ya nani? Kiswahili nacho kina ngozi yake. Takriban maneno yake yote huishia kwa irabu, na silabi zake zinahesabika kwa vidole. Vina na mizani havikushushwa kwetu na kamati. Vimeota katika umbile la lugha yenyewe, kama ndevu zilivyoota mashavuni. Mwenye kunyoa bila kuijua ngozi anayoinyoa asishangae vipele.

Wenzangu wa upande wa arudhi nao wasicheke, kwa maana sehemu yao ipo. Tunao watunzi wanaohesabu kumi na sita bila kosa na hawana la kusema. Huo ni mpini uliokazwa vizuri bila wembe ndani. Waweza kuupitisha usoni toka alfajiri hadi adhuhuri, na povu likaondoka, na ndevu zikabaki. Tuna na wale wa nyembe tano, wanaorundika tashbihi juu ya tashbihi katika ubeti mmoja, hadi maana inakatwa chini ya ngozi na kuozea humo humo.

Sasa niende kwenye ndege, maana hapo ndipo makofi yalipozidi.

Kijana aliitaja ndege isiyo na mkia kama jambo la leo. John William Dunne, Mwingereza, alirusha ndege yake isiyo na mkia mwaka 1910, miaka sita tu baada ya hataza ya Gillette. Desemba ya mwaka huo, huko Eastchurch, aliachia usukani angani ili aandike maandishi, na Orville Wright alikuwapo akishuhudia. Kwa hiyo wembe wa babu na ndege ya kijana ni watoto wa rika moja. Kama mmoja ni wa makumbusho, na wa pili ni jirani yake kwenye kabati.

Kubwa zaidi ni lile neno "mzigo usio na kazi". Mkia una kazi. Bawa la kawaida, lililobinuka juu, lina tabia ya kuinamisha pua ya ndege. Mkia, ukiwa mbali nyuma, hukandamiza kidogo kuelekea chini na kuishikilia pua isizame. Ukikata mkia, kazi yake haifi. Inabaki pale pale ikidai mtu wa kuifanya. Dunne aliyavuta mabawa nyuma na kuzipotoa ncha zake, ili ncha hizo, zikiwa nyuma ya kitovu cha uzito, zifanye kazi ya mkia. Wengine huikunja juu kingo ya nyuma ya bawa. Kila njia ina malipo, kwa maana sehemu ya nguvu ya kuelea hutumika kulipia utulivu.

Asiyeniamini achukue kipande cha karatasi kigumu, akate bawa tupu, alirushe. Litapinduka na kuanguka. Kisha akunje ukingo wa mbele mara kadhaa ili uwe mzito, na ukingo wa nyuma aubenue juu kidogo. Litateleza hewani kwa utulivu. Rafiki yangu wa fizikia alinionyesha hayo bwenini tulipokuwa chuo cha ualimu, na sijayasahau. Karatasi ni ile ile. Tofauti ni kwamba deni limelipwa.

Jack Northrop wa Marekani alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulilipa deni hilo. Ndege yake YB-49, bawa tupu lenye upana wa mita 52 na injini za jeti, iliruka mara ya kwanza Oktoba 1947. Ilihitaji mapezi manne madogo nyuma, kwa sababu ndege iliyoitangulia, XB-35, ilisaidiwa kutulia na mapanga boi yake, na jeti hazikuwa nayo. Hata hivyo iliyumba pua kushoto na kulia. Tarehe 5 Juni 1948 moja ilianguka ikaua watu wote watano waliokuwamo. Mmoja wao alikuwa Kapteni Glen Edwards, ambaye kituo cha anga cha Edwards kimepewa jina lake. Mradi ukafutwa, ndege zikakatwa vipande. Miaka arobaini baadaye, Julai 1989, ikaruka B-2, bawa tupu lenye upana ule ule wa YB-49. Inatulia kwa sababu kompyuta zake husahihisha mwendo bila kupumzika, na kwa vipande vya ncha za mabawa vinavyofunguka kuizuia hewa upande mmoja ili pua igeuke. Mkia haumo machoni, lakini sheria ya mkia imo ndani ya bawa zima, na ni kali kuliko awali.

Hilo ndilo ninalomdai mtunzi wa shairi huru. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, aliitupa arudhi akijua anatupa nini. Utulivu aliuhamishia kwenye taswira, kwenye pumzi ya mstari, na kwenye uzito wa wazo. Mimi mfuasi wa arudhi namvulia kofia, kwa kuwa alilipa. Ninaowalaumu ni wanaokata mkia kwa kisu cha jikoni, wakalirusha bawa, na likianguka wakasema msomaji hajui kutazama.

Nao madhara yake nayaona. Walimu vijana wanaingia darasani wakiamini kwamba shairi huru ni shairi lisilo na sheria, na wanafundisha hivyo. Niliwahi kusahihisha daftari la mwanafunzi aliyeandika aya ya insha, akaikata kila baada ya maneno manne, akaiita shairi. Nilipomwomba ahesabu mizani za mstari mmoja, aliniuliza mizani ni nini. Mtoto yule hakuikataa arudhi. Aliibiwa. Hawezi kuisikia tarbia ya Muyaka, na hawezi kumsikia Kezilahabi, maana hajui ni nini kilichonyamazishwa pale.

Basi ombi langu kwa walimu ni fupi: mfundisheni kwanza kukaza mpini, ahesabu, apange vina, ajikate kidogo. Siku akitaka kutupa mkia, mwulizeni swali moja: uzani umeuweka wapi? Akijibu, mwacheni aruke. Kijana wangu wa kikaoni namwachia ubeti huu, nao nimeukaza kwa mpini wa babu:

Mkia ukiutupa, uzani wake tafuta,
Hewa haifanyi pupa, mwenye kosa humkuta,
Wembe wa babu watupa, ndevu bado zimeota?
Mwenzio akinyolewa, na zako utie maji.