Kalamu Igawiwe Usiku wa Kwanza

Safu ya Nuru ya Kisomo, na Mwalimu Saidi Kombo

Kadiri ninavyozidi kuwafundisha watu wazima, ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba desturi ya kumngojea mwanafunzi awe hodari kwanza katika kusoma, ndipo apewe kalamu, humcheleweshea hata huko kusoma kwenyewe. Mtu mzima ni hodari wa kuhifadhi. Ukurasa uliosomwa mbele yake mara chache tu, huweza kuukariri wote, kidole kikitembea juu ya mistari, hata mwalimu akadhani kazi imekwisha. Mwambie aandike "mbuzi", neno alilolitamka tangu utotoni, naye huandika "buzi". Kisha hulitazama, hulisema taratibu, midomo ikifumbana kabla ya sauti kutoka, na hapo ndipo huitambua ile herufi iliyoachwa, akaitia mahali pake, na tangu hapo "mbegu", "mbao" na "mboga" huzisoma popote azionapo, hata ukutani mwa duka.

Walioizuia kalamu zamani waliijua nguvu yake. Katika nyumba ya Sayyid Said bin Sultan, Unguja, mabinti walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika walinyimwa. Binti yake Salme, katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, aeleza jinsi alivyojifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipokula njama ya kumpokonya ndugu yao Majid ufalme, Salme, msichana wa miaka kama 15 tu, ndiye aliyefanywa katibu wa barua za wala njama. Siisifu fitina ile. Nasema tu kwamba kusoma peke yake kusingalimpa nafasi hiyo.

Darasani kwangu yuko mama muuza samaki ambaye madeni yake yaliandikwa na mwanawe. Sasa huyaandika mwenyewe, na kwa sababu hataki kudhulumu wala kudhulumiwa, huyasoma tena na tena kwa makini ambayo kitabu changu hakijapata kumtia.

Kwa hiyo nawasihi wanaopanga saa za madarasa ya kisomo kwamba kalamu igawiwe usiku wa kwanza pamoja na kitabu, na makosa ya tahajia yapokewe kwa subira, kwani humo ndimo mwalimu anamoona hasa ni wapi sikio la mwanafunzi na jicho lake havijapatana.