Maji Mazuri na Akili ya Mlimani

Sifa ya maji ya mlimani haina mwisho. Huitwa baridi, maangavu na matamu. Na mtu wa bondeni ayanywapo hudhani amekunywa afya yenyewe. Sifa hiyo ni ya macho na ulimi. Maji yaweza kuwa safi kama kioo, na bado yakawa maskini. Na deni la umaskini wake likalipwa na mtoto ambaye hajazaliwa.

Katika mabonde ya milima ya Alps, huko Uswisi, Ufaransa na Italia, watu wengi waliota rovu shingoni. Baadhi ya watoto walizaliwa viziwi na mabubu, wakabaki wafupi wa kimo na wazito wa fahamu. Wageni walikwenda kuwatazama, wakarudi na hukumu tayari. Wengine walisema ni damu mbovu ya ndoa za jamaa. Wengine walitaja uvivu, uchafu, hewa nzito au laana. Kila hukumu ilimtia mgonjwa hatiani, na hapana hata moja iliyomponya.

Kweli ilikuwa ndogo kuliko chembe ya chumvi. Iodini, ambayo Watanzania huiita madini joto, asili yake kubwa ni bahari, na mvua huirudisha nchi kavu. Lakini barafu na mvua za maelfu ya miaka huiosha katika udongo wa milima. Udongo ukiikosa, maji huikosa, na mazao na maziwa vile vile. Tezi ya shingoni huvimba kwa kuitafuta. Mama mjamzito akiikosa sana, ubongo wa mtoto hudumaa, na dawa ya baadaye haiurudishii kilichopotea. Hata mtu mzima huweza kupatwa na uchovu, uzito wa fikira na huzuni, naye akaitwa mvivu na majirani wasiojua.

Haifai kusema kwamba jambo hili lilifichika. Bernard Courtois aliigundua iodini katika majivu ya mwani mwaka 1811. Mwaka 1820 Jean-François Coindet wa Geneva aliitumia kutibu rovu. Katika miaka ya 1850 Adolphe Chatin, Mfaransa, aliipima katika maji na udongo, akasema kwamba rovu huzidi pale iodini ilipopungua. Wakubwa wa elimu hawakukubali. Ni kweli kwamba matabibu waliotoa iodini kupita kiasi waliwadhuru wagonjwa wao. Lakini dawa ya kuzidisha ni kipimo, si kukana. Miaka ipatayo 70 ilipita kabla ya jimbo la Appenzell Ausserrhoden, huko Uswisi, kuanza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922. Watoto wa aina ile wakakoma kuzaliwa katika nchi hiyo. Milima haikuhama, damu haikubadilika, na ndoa ziliendelea. Kilichobadilika ni chumvi. Basi hukumu zote za kale ziliangushwa na kikopo cha jikoni.

Mkasa huo si wa Ulaya peke yake. Himalaya na Andes ziliujua, na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ziliujua vile vile. Rovu lilikuwa jambo la kawaida huko mpaka chumvi ya madini joto ilipofika, na katika miaka ya 1990 sheria ikaamuru itumike. Lakini sheria haiingii chunguni kwa miguu yake. Chumvi ghafi ingali inapata wauzaji na wanunuzi, nayo husifiwa kuwa ya asili, kana kwamba asili haikosei. Hata ile ya baharini, ikiisha kukauka, hubaki na iodini haba.

Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 tu kwa siku. Za umri wake wote hazizidi kijiko kimoja cha chai. Anayemcheka mtu wa mlimani kwa uzito wa akili na ajipime kwa kijiko hicho. Hapana kabila lililozaliwa na akili pungufu. Pana udongo uliooshwa, na pana watu waliojua wakakawia. Udongo hauna hatia. Aibu ni ya wale wenye kujua, na kila siku wakawiayo mtoto mmoja huilipa kwa akili yake.